BARUA YA WAZI: Gari ya marehemu mume wangu inapigwa faini barabarani, mbona naambiwa haijulikani ilipo?

Nkuhungu, Dodoma

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia mahakama, polisi, usajili wa magari na serikali za mitaa katika mkoa wetu wa Dodoma,

Shikamooni.

YAH: GARI YA MIRATHI KUTUMIKA MPAKA KUISHA KABLA YA MIRATHI KUAMULIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii nisingeiandika hadharani kama zile nne nilizopeleka kwa mkono zingejibiwa. Nina nakala zake zote, mbili zina mhuri wa kupokelewa. Naomba mnisamehe kama lugha yangu sio ya kiofisi, naandika usiku watoto wamelala, na naandika kama ninavyoongea. Kituo cha polisi sikitaji wala mahakama siitaji, kwa sababu niliyoyapata mimi nimeshayasikia kwa wajane wengine wanne watano tuliokaa nao kwenye benchi moja, kila mtu na ofisi zake, maneno yale yale.

Mume wangu alifariki Novemba 2023. Aliugua wiki mbili tu, akaondoka bila wosia wala neno lolote kuhusu mali. Matajiri hatukuwa. Tulikuwa na vyumba viwili tunavyojenga taratibu hapa Nkuhungu, ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo, na kirikuu, ile gari ndogo ya kubebea mizigo. Hiyo kirikuu ndo ilikuwa inatulisha. Msimu wa zabibu, Februari na Machi alafu tena Agosti na Septemba, ilikuwa inalala Hombolo inaamkia mjini, msimu ukiisha inabeba mahindi kutoka Kibaigwa, vitunguu, mbao, na kuhamisha watu vyombo maana tangu serikali ihamie huku mwaka 2016 hapa mjini kila siku kuna mtu anahama.

Siku tuliyomzika, kijijini kwao upande wa Mvumi, shemeji yangu alinijia nikiwa nimekaa chini na wanawake wenzangu akasema, shemeji naomba ufunguo niwarudishe wazee, wamechoka. Nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu. Wazee walirudishwa, gari haikurudi. Nikanyamaza mpaka arobaini kwa sababu ndo heshima, mjane haulizii mali matanga hayajaanuliwa. Ilipofika arobaini nikauliza, nikaambiwa gari ni ya ukoo. Nikauliza ukoo ulitoa shilingi ngapi, hapo ndo nikaanza kuitwa mwanamke mkorofi.

Hela iliyonunua ile gari naijua shilingi kwa shilingi. Tuliinunua 2020 kwa milioni saba na laki nne. Milioni tatu ilikuwa mkopo wangu wa vicoba, daftari lipo na wanachama wenzangu wapo hai, nimeulipa miezi kumi na nne kwa hela ya nyanya ninazouza soko la Majengo. Milioni mbili na laki tisa ilikuwa ya zabibu, na hizo zabibu tulipalilia na kuvuna wote. Milioni moja na nusu iliyobaki aliuza ng'ombe zake. Sisemi hakutoa jasho, alitoa, na ndo maana nataka jasho lake liwafikie watoto wake.

Sasa naomba niweke malalamiko yangu moja baada ya lingine.

1. Gari haisubiri. Hili ndo kubwa kuliko yote na naomba mlisome taratibu. Nyumba mkigombania miaka mitano mtaikuta pale pale, shamba pia mtalikuta, pengine limepanda na bei. Gari kila siku inayopita inapungua. Matairi yanaisha, bima inaisha, inaendeshwa na kila kijana, inabebeshwa mzigo mara mbili ya uwezo wake. Mwezi wa nne baada ya msiba fundi wetu wa siku zote pale Kizota alinipigia simu akaniambia mama, gari yenu imeletwa hapa imenoki, haikuwekwa oili, na aliyeileta anataka injini yoyote ya bei rahisi. Ikafungwa injini nyingine. Ile ya kwanza iliuzwa spea, hela sijui ilienda wapi. Baadae nikaja kuiona kwa macho yangu Mnadani, bodi imebonyea upande wa dereva, taa moja haipo, na yale maandishi ya jina la mwanangu wa kwanza aliyoyaandika baba yake nyuma yamepakwa rangi. Nililia pale pale mbele za watu. Kwaiyo mnaponiambia mama kuwa mvumilivu, kesi itasikilizwa, mimi naelewa kwamba siku nitakayoshinda nitakabidhiwa chesesi. Mirathi yote inaendeshwa kana kwamba kila mali ni kiwanja.

2. Kuzungushwa. Nilienda polisi na maelezo yote, nikaambiwa hilo ni suala la mirathi, sio jinai, nenda mahakamani. Nikaenda mahakamani nikaambiwa lete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Cheti cha kifo nilikipata, hapo sina lawama. Muhtasari ndo ikawa shida, maana kikao cha ukoo anakiitisha nani? Yule yule mwenye ufunguo. Nikaenda kwa mtendaji, akaniambia mkamalizane kifamilia. Familia wakasema tutakaa baada ya mavuno. Mavuno yakaisha wakasema wazee wamesafiri. Walipokuja kukaa walikaa bila mimi, wakampendekeza yeye shemeji awe msimamizi. Msaidizi wa kisheria aliyenisaidia bure aliniambia huo muhtasari ni utaratibu tu unaosaidia mahakama kujua familia imekubaliana nini, sio sharti kwamba bila huo mjane hawezi kufungua mirathi. Kama ndo hivyo, kwanini dirishani narudishwa? Nimerudishwa mara tatu waheshimiwa. Kutoka kwangu mpaka huko na kurudi ni nauli, na siku hiyo genge halifunguliwi.

3. Faini za barabarani. Hapa naomba mtu mmoja tu anijibu. Deni la faini za trafiki mtu yeyote anaweza kuliangalia kwenye simu kwa kuingiza namba ya gari. Mimi huwa naingiza. Kuanzia Januari 2024 mpaka leo ile gari imeandikiwa faini tisa, kila moja shilingi elfu thelathini, jumla laki mbili na elfu sabini, na inaonyesha tarehe na kosa. Ina maana askari ameisimamisha, ameikagua, ameongea na dereva, ameandika, akaiachia iende. Mara tisa. Alafu mimi nikienda na jalada langu naambiwa mama, gari haijulikani ilipo, ukiiona tupigie. Mimi nauza nyanya, nitaionea wapi? Aliyeisimamisha ni askari mwenzao. Na hizo faini zinakaa kwenye gari ya marehemu, siku nikipewa ndo nitaanza kuzilipa mimi.

4. Kadi ya gari. Hapa na sisi tulikosea, nasema ukweli. Tulivyonunua hatukubadilisha jina, kadi ikabaki na jina la aliyetuuzia, tukabaki na mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mwanasheria. Wengi wanafanya hivi, wananunua gari mkononi wanaogopa gharama za kubadili umiliki wanasema tutafanya mwakani. Mwakani haikufika. Shemeji kwa kulijua hilo akamfuata yule muuzaji amwandikie mkataba mpya kwa jina lake. Namshukuru Mungu yule mzee ni muungwana, alikataa, akanipigia simu, akasema mimi hii gari nilimuuzia marehemu na wewe ulikuwepo ulihesabu hela. Ila jiulizeni angekuwa mtu mwingine, mwenye njaa yake. Ingekuwa saini moja tu na gari imeondoka kwenye mirathi na hakuna mfumo wowote ambao ungepiga kelele. Msajili anajuaje kwamba mwenye gari amekufa? Hajui. Cheti cha kifo kiko RITA, wanaosajili vifo, kadi iko TRA, wanaosajili magari, na kati yao hakuna anayemwambia mwenzake.

5. Msimamizi sio mrithi. Hili linahitaji kutangazwa mpaka kwenye mikutano ya mtaa. Kule kwetu mtu akishasema mimi ndo msimamizi basi anaona mali imekuwa yake. Kumbe msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha hesabu. Kwenye mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, alafu baada ya hapo, kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama, hesabu ya mirathi kwa Fomu Namba 6. Na huyu wangu hata kuteuliwa hajateuliwa! Nimemwekea pingamizi, kesi imeahirishwa mara saba, na siku zote hizo anakula mapato ya gari kama vile barua ya usimamizi anayo mfukoni.

6. Sheria ipi inanihusu. Hili nimelisoma mpaka kichwa kimeuma. Ningekuwa Muislamu, fungu langu linajulikana, thumni kwa sababu nina watoto, robo kama nisingekuwa nao. Kwa Wakristo kuna ile sheria ya zamani kabisa ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika hapa kwetu, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Alafu kuna mila, Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, linasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mimi nimefunga ndoa kanisani mwaka 2011, cheti ninacho. Ila shemeji anasema marehemu aliishi kwa mila za Wagogo, alitoa mahari ya ng'ombe, alizikwa kijijini, kwaiyo zifuate mila. Yaani mume yule yule, gari ile ile, mimi naweza kupata theluthi au nisipate kitu, inategemea atakayesikiliza ameyaonaje maisha yetu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia nchi yetu, kwa shauri la wajane wawili wa Shinyanga, kwamba hizo mila zinawabagua na zirekebishwe. Imeshapita miaka kumi. Mwanangu wa pili alikuwa hajaanza kutembea vizuri, leo ananipita mabega.

Na nitaongeza hapa hapa, Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali iliyochumwa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, najua. Ila nauliza, kama jasho langu linahesabika mume akiniacha, linafutikaje mume akifa tukiwa tunapendana? Ina maana ningeachika ningekuwa na haki zaidi?

Najua majibu yenu mengine kwa sababu nimeshayasikia.

Mtasema tumalize kifamilia. Nimekaa vikao vitatu, kimoja mbele ya mchungaji wetu, kimoja mbele ya wajumbe wa mtaa. Vyote shemeji aliahidi kuleta gari Jumatatu. Siwachukii wakwe zangu, mama mkwe mpaka leo namtumia sukari na sabuni, na yeye ananiambia kwa siri mwanangu mimi sina nguvu. Kifamilia imeshindikana kwa sababu mmoja wa familia ananufaika kwa kuchelewa.

Mtasema marehemu angeandika wosia. Kweli angeandika, na nawaambia walio hai waandike. Alikuwa na miaka 39, nani anaandika wosia akiwa na miaka 39 na mafua? Na sheria za mirathi zimetungwa kwa ajili ya watu kama yeye, waliokufa bila wosia.

Mtasema gari haikuwa na jina lake kwenye kadi. Nimeeleza. Mkataba upo, muuzaji yupo na yuko tayari kuja kutoa ushahidi, risiti za bima za miaka mitatu zina jina la mume wangu.

Mtasema mahakama zina mzigo wa kesi. Naamini. Lakini siombi kesi yote iishe kesho, naomba gari isimame wakati kesi inaendelea, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Na kuna mwingine aliniambia, mama, si kirikuu tu, tafuta maisha mengine. Huyo sitamjibu. Ada na michango ya shule ya mwanangu, bweni, godoro, vilitoka kwenye hiyo kirikuu tu.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, mtu akifariki na mtendaji akaandikiwa taarifa ya kifo, orodha ya mali zinazohamishika iandikwe palepale ndani ya siku saba, gari iandikwe namba, namba ya chesesi na injini, kilomita zilizosomeka, na nani ameshika ufunguo, wajane na upande wa ukoo wote wasaini. Karatasi moja tu. Ningekuwa nayo leo ile injini isingepotea hivi hivi.

Pili, kifo kikishasajiliwa, umiliki wa gari ya marehemu ufungwe kwenye mfumo wa usajili mpaka barua ya usimamizi ya mahakama ionyeshwe. Mifumo mnayo, control namba za kila kitu tunalipia kwenye simu, sioni kwanini hili lishindikane. Kwa magari kama yetu ambayo kadi ina jina la muuzaji, mjane aruhusiwe kupeleka mkataba na cheti cha kifo ili namba ile iwekewe alama.

Tatu, polisi wapewe maelekezo ya maandishi kwamba mtu asiye na barua ya usimamizi hana ruhusa ya kuendesha biashara na gari ya marehemu wakati warithi wamelalamika. Wasiamue nani mrithi, hiyo sio kazi yao. Waizuie tu, waiandike, waipeleke itakapoelekezwa na mahakama. Askari atakayeikamata kwa faini ya kumi aione hiyo alama kwenye mashine yake.

Nne, maombi ya zuio la muda kuhusu gari yasikilizwe ndani ya siku kumi na nne, na uwepo uchaguzi wa aina mbili tu, gari iegeshwe, au ifanye kazi chini ya dereva ambaye pande zote zimekubali na hesabu iwekwe kwenye akaunti mpaka mgawanyo. Mimi mwenyewe ningependa hiyo ya pili, gari ikiegeshwa juani mwaka mzima nayo inakufa.

Tano, kule Temeke Dar es Salaam kuna kituo jumuishi cha masuala ya mirathi na ndoa, mtu anakuta huduma sehemu moja. Dodoma ndo makao makuu ya nchi. Tunaomba dawati kama hilo la mirathi hapa ambapo mtu wa Hombolo, Bahi, Kongwa au Mpwapwa akija mara moja anamkuta hakimu, mtu wa RITA na msaidizi wa kisheria, asitembee ofisi tano na mtoto mgongoni. Mwaka 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa hapa hapa kwetu na tulifurahi sana, wengi walipata ushauri. Ila ushauri nilioupata mimi kwa wasaidizi wa kisheria ulikuwa mzuri na ulikwamia kwenye dirisha.

Sita, lile tangazo la 1963 lipelekwe bungeni lirekebishwe. Bunge liko hapa hapa mjini, hata kwa miguu tunafika.

Kwa upande wangu mimi peke yangu, naomba jambo moja la haraka. Msimu wa Agosti umekaribia. Zabibu za ekari moja na nusu zitaiva, na mwaka jana nilikodi gari ya mtu kubeba zabibu zangu huku yangu ikipita barabarani na mzigo wa wengine, nusu ya faida ikaishia kwenye kukodi. Kesi yangu inatajwa tena mwezi ujao. Maombi ya zuio nimeyaandika upya, fotokopi ya mkataba, daftari la vicoba, risiti za bima na orodha ya zile faini tisa nimeambatanisha. Nitafika saa mbili kamili asubuhi, na yule mzee aliyetuuzia gari amesema atakuja na nauli yake mwenyewe. Naomba siku hiyo tusikilizwe, tusiahirishwe mara ya nane.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjane, mama wa watoto watatu
Nkuhungu, Dodoma